Mgeni wa Shamsia

Sogeeni hapa karibu na moto. Mwenye usingizi alale sasa, kwa sababu hii nikishaianza hutalala.

Majini ya watu wengine yanakujanga usiku. Ya Shamsia ilikuwa inakuja asubuhi, jua likitoka, wakati watu wanasema shukuru Mungu kumekucha.

Ilianza na kuku. Shamsia alikuwa ameolewa huku Matungu, kwa Osman fundi wa cherehani, na walikuwa wanakaa boma moja na mamake Osman, anaitwa Mwanaidi. Huyo Shamsia alikuwa na sauti! Akitoka jikoni na mahindi akisema "kuru kuru kuru," kuku inatoka kwa miwa, inatoka kwa barabara, hata zile za jirani yake Gentrix zinasahau kwao.

"Mama Tariq," Gentrix alikuwa anamwambia kwa ua, "siku moja utanilipa mayai zangu zote."

"Zifunze kuitika kwako kwanza!"

Sasa asubuhi moja akaita. Kuku zikakuja mbio, zikafika karibu, zikasimama. Zikaangalia hapo chini kwa miguu yake, kama kuna mtu ameketi hapo amenyoosha miguu. Halafu zikazunguka mbali, zikaenda zao.

"Zimeona mwewe," Mwanaidi akasema.

Lakini mwewe hakukuwa.

Baada ya hapo chakula ikakataa. Shamsia anakula obusuma, yaani ugali, na samaki, anasema ni jivu. Anasema nyumba inanuka jivu, ile imemwagiwa maji. Wengine wananusa, hawasikii kitu. Nguo ikalala kwa karai mpaka ikaoza. Akaacha kuimba, akaacha kuoga, akawa anaamka kabla ya adhana na kukaa tu, macho kwa mabati.

Asubuhi moja akamgusa bwana yake.

"Baba Tariq."

"Mm."

"Iko hapa."

"Nini iko?"

"Usiongee kwa nguvu. Imekaa kwa kifua yangu. Inangojanga niamke."

Osman akafungua macho. Akaona bibi yake, akaona mwangaza kwa dirisha, basi. Angeona kitu, nafikiri angeogopa kidogo kuliko vile aliogopa.

Tariq ndiye mtoto wao mmoja tu, alikuwa bado anajifunza kufunga vifungo. Akaingia na shati yake ya shule imefunguka, akasimama mbele ya mama. Shamsia akashika kifungo ya kwanza, na mkono ikasimama hapo, ikakaa, ikakaa, mtoto anangoja, mpaka machozi ya mama ikaanza kushuka bila uso kulia, yaani uso umetulia kama wa mtu analala, na akasema kwa ile sauti ndogo amebakisha, "Osman, inaniambia huyu mtoto atakaa vizuri nikiwa sipo, na mimi nimeanza kuiamini."

Osman akabeba mtoto, akakimbia kwa Gentrix na miguu bila viatu.

Gentrix ni wale watu wa afya ya kijiji, wanatembeanga na mkoba boma kwa boma. Hakucheka, hakuita majirani. Siku hiyo hiyo wakampeleka Shamsia hospitali, kwa sista mmoja mnene wa kuongea polepole. Sista akamuuliza mambo ya usingizi, ya chakula, akamuuliza waziwazi kama anafikiria kufa. Shamsia akasema ndiyo. Osman akashika ukuta.

"Huu ni ugonjwa," sista akasema. "Unaitwa depresheni. Si uvivu, si kukosa imani, na hakuna mtu amemroga."

"Sista, kwetu tunasema ni jini."

"Iite vile unaitanga, baba. Mimi naangalia vile inafanya mtu." Akawapa tembe za kila siku. "Hii haifanyi kazi leo wala kesho. Itachukua wiki kadhaa, kwa hivyo msikate tamaa, na asikae peke yake. Na mama, wewe utakuwa unakuja tunaongea mimi na wewe. Sasa sikiza. Ukipita njia iko na mbwa unabeba nini?"

"Fimbo."

"Ile siku hujaona mbwa, unatupa fimbo?"

"Hapana."

"Basi hata ukisikia umepona, usiache tembe kabla hujaniambia."

Wakarudi. Wiki ikapita, hakuna kitu. Ingine ikapita. Halafu siku moja Shamsia akaonja mboga akasema, "Hii haina chumvi," na Mwanaidi akaacha mwiko ikaanguka. Polepole, kama maji inarudi kwa kisima. Akaanza kuoga. Akaanza kufunga vifungo za Tariq. Na ikafika asubuhi akatoka na mahindi, akaita, na kuku zikamjaa miguuni mpaka akacheka, na Gentrix kwa ua akapiga kelele, "Wezi wangu wamerudi!"

Hapo ndipo ingeisha. Lakini sasa mnisikize, kwa sababu watu walioharibu hii walikuwa wanampenda.

Mwanaidi alikuwa mtu wa wageni. Hakuna mtu aliwahi kutoka kwake mikono mitupu. Kama si kuku ni ndizi, kama si ndizi ni unga kwa karatasi. Alikuwa anasema, "Mgeni ukimfungia kitu, anakumbuka njia." Sasa huko sokoni watu wakaanza kunong'ona ati mkaza mwana wake anakula dawa ya wazimu. Hiyo ikamchoma. Imamu wetu akamwambia endeleeni na hospitali, mimi nitawaombea. Mwanaidi hakutosheka. Akaenda ng'ambo ya mto, akaleta mganga mmoja wa kilemba kubwa.

Mganga akachoma ubani mchana, mlango umefungwa. Akanusa Shamsia kwa kichwa.

"Imelegea," akasema, "lakini iko. Hii ni mgeni. Mlimuaga?"

Mwanaidi akashtuka. "Kumuaga?"

"Mnataka mgeni atoke mikono mitupu? Mama, na vile nasikia habari yako?"

Nawaambia, mama huyo aliona aibu ya kweli, kama ameacha mtu kwa mlango na njaa.

"Tumfungie nini?"

"Kitu amezoea. Kitu huyu anaingiza kwa mdomo kila siku, hakosi."

Moshi ikapanda.

"Tembe," Mwanaidi akasema.

"Hapana, mama," Shamsia akasema. "Tafadhali. Sista alisema..."

"Sista amelala kwa hii nyumba? Mwanangu, si umepona? Unacheka, unakula. Sasa tunamfukuza na heshima tu."

Shamsia akaangalia bwana yake. Osman akaangalia cherehani. Halafu akakata kitambaa nyeupe, akaketi, na ile cherehani ikaanza kulia tak-tak-tak, anashona mfuko ya jini na mkono yake mwenyewe, kwa sababu mama ni mama, na yeye pia alikuwa amechoka kuogopa. Wakaweka unga, wakaweka mayai, wakaweka tembe zote. Wakaenda wakatupa kwa mto Nzoia, na mganga akawaambia msigeuke nyuma.

Jioni walichinja jogoo. Shamsia alikula.

Na hiyo ndiyo mbaya yake: siku za kwanza hakukuwa kitu. Kichwa ilizunguka kidogo, wakasema ni jini inatoka. Mwanaidi akatembea sokoni kichwa juu. Gentrix alikuwa ameenda matanga kwao Navakholo. Kurudi na kusikia, alishika mdomo. "Mmetupa? Zote? Mwanaidi, twende hospitali leo." Mwanaidi akamwambia, "Mwangalie mwenyewe, si huyo anaimba?"

Ni kweli alikuwa anaimba. Lakini nyimbo ikawa inakatika katikati, kila siku mapema kidogo, na chumvi ikasahauliwa tena, na maji ya kuoga ikawa inapoa kwa karai, na ikafika asubuhi moja Mwanaidi ameinama anapuliza moto, jua ndiyo hiyo inatoka nyuma ya miwa, akasikia harufu ya jivu ya maji, yeye mwenyewe, na moto yake ilikuwa kavu, na alipogeuka akaona mkaza mwana wake kwa mlango amesimama na bakuli ya mahindi, mdomo umefunguka ukiita "kuru kuru" na sauti haitoki, na kuku zote zimesimama mbali, kimya, zinaangalia chini hapo mbele yake.

"Mwanangu," Mwanaidi akanong'ona. "Una nini?"

"Imerudi, mama."

"Lakini tulimuaga. Tulimfungia..."

"Ndiyo," Shamsia akasema polepole, hana hata hasira. "Si mgeni ukimfungia anakumbuka njia? Imerudi imeshiba."

Walirudi kwa sista. Hakuwagombeza, na hiyo iliwaumiza zaidi. Akampa Shamsia tembe zingine, akasema tunaanza mwanzo.

"Inaanza kusaidia lini?" Osman akauliza.

"Wiki kadhaa. Kama ile ya kwanza."

"Na hizo wiki tufanye nini?"

"Mkae na yeye. Mmoja wenu awe na yeye kila wakati. Ikizidi, mlete hapa, hata iwe saa gani."

Basi wanakaa. Mkipita hapo asubuhi mtawaona kwa mlango, Osman upande huu, Gentrix akimaliza kazi yake upande ule, Shamsia katikati. Anameza tembe yake mbele yao, anafungua mdomo waone. Mwanaidi anakuja na debe ya mahindi, anamwaga miguuni kwa mkaza mwana wake, anaita kuku na ile sauti yake ya uzee.

Zinakuja mbio. Zinafika karibu, zinasimama. Zinazunguka.

"Kesho zitakula," Mwanaidi anasema, na anamwaga tena, na tena, mpaka Shamsia ananyoosha mkono polepole anamshika nguo.

"Mama," anasema. "Usimalize mahindi. Bado imekaa."