Breki za Gari la Mikate

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwaisha alimsaidia baba yake, Mansuri, kupakia makreti ya mikate garini. Mikate iliokwa hapohapo nyumbani kwao Bigwa, kisha Mansuri akaisambaza madukani mjini Morogoro na kwenye vijiji vya njia ya Mkuyuni. Gari lenyewe lilikuwa la zamani. Rangi ilikuwa imebabuka, na mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba. Hayo yote Mwaisha aliyavumilia. Kilichomshinda ni breki.

Breki zile zililia kama mbuzi anayeburutwa. Baba alipokanyaga pedeli mbele ya shule, uwanja mzima uligeuka kutazama. Wanafunzi wenzake wa darasa la saba walikuwa wameshazoea kumwiga, "Kwiiiii!" kila alipopita kwenda ubaoni.

Mansuri naye alikuwa amechoka. Mwaka huo alikuwa amekwisha kubadilisha pedi za breki, vile vibao vinavyobana diski ili gurudumu lisimame. Kelele ilikoma kwa siku chache, kisha ikarudi na nguvu mpya.

"Gari hili litanitia wazimu!" alilalamika. "Nikikanyaga linalia. Nisipokanyaga tunaingia mtaroni. Nifanye nini?"

Bahati nzuri, mwisho wa wiki mama mdogo Chausiku alikuja kuwatembelea kutoka Turiani. Chausiku alikuwa mdogo wake mama yake Mwaisha, na kazi yake ilikuwa kutengeneza malori yanayobeba miwa. Jumamosi asubuhi alivaa ovaroli, akainua gari kwa jeki na kufungua gurudumu la mbele. Alipochungulia ndani, alisonya.

"Shemeji, nani alikubadilishia hizi pedi?"

"Fundi mmoja wa mtaani. Kwani vipi? Si mpya?"

"Pedi mpya, lakini klipu za mwaka arobaini na saba!" Chausiku alichomoa kipande chembamba cha bati kilichokunjwa, kikavunjikia mkononi kama jani kavu. "Kila ncha ya pedi inakaa ndani ya klipu kama hii na kuteleza humo. Klipu ikiliwa na kutu, pedi inatetemeka, na ikitetemeka inalia. Tena pini ambazo breki hutelezea hazina hata chembe ya grisi. Ungebadilisha pedi mpaka Kiyama."

Mansuri alipanda bodaboda hadi mjini, kwenye duka la spea la mzee Noorali. Alirudi na pakiti ya klipu, pini na mipira ya kuzifunika pini hizo.

Walianza na gurudumu la kulia. Chausiku alimwonyesha Mwaisha mifereji miwili ya chuma ambamo klipu hukaa. "Sugua kutu yote mpaka chuma king'ae," alisema. "Ukiacha kutu chini, klipu itainuka na pedi itabanwa." Yeye alisugua mfereji wa juu, Mwaisha akasugua wa chini, na kila mmoja akapachika klipu mpya. Kisha wakahamia kushoto. Chausiku alipaka pini grisi, akasafisha mfereji wa juu wa upande huo, akampa Mwaisha brashi ya waya.

"Malizia huo wa chini, uweke klipu na pedi. Mimi naingia ndani kuswali adhuhuri."

Kutu ya mfereji ule ilikuwa ngumu kama jiwe. Mwaisha alisugua mpaka mkono ukauma. Siku ile darasa lao lilikuwa na mechi ya netiboli, na rafiki yake Faraja alikuwa amekwisha kufika uani kwao kumpitia, amevaa viatu vya mchezo.

"Mwaisha, wewe! Bado tu unakwangua hilo gari?"

"Nakuja! Usinipigie kelele!"

"Basi mimi natangulia. Tutamweka mtu mwingine nafasi yako."

Machozi ya hasira yalimlengalenga Mwaisha. Alisugua tena mara mbili tatu, akachukua klipu mpya na kuipachika juu ya kutu iliyobaki. Haikuingia. Aliisukuma kwa bisibisi. Ikapinda.

Alitazama mlangoni. Hakukuwa na mtu. Haraka aliificha klipu ile mfukoni, akaokota moja ya zile za zamani zilizotupwa kwenye kopo, akaichomeka. Pedi nayo ikagoma kuingia. Aliigonga kwa mpini wa nyundo mpaka ikakaa.

Chausiku aliporudi, aliona pedi imekaa mahali pake. "Umesugua mpaka chuma kimeng'aa?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Na klipu zote umeweka mpya?"

"Ndiyo."

Chausiku alimwamini. Alifunga boliti, akarudisha gurudumu na kumwambia Mansuri azunguke mtaani taratibu kwanza. Lakini Mansuri, kwa furaha ya kutosikia kelele, hakuzunguka mtaani. Alimpakia Mwaisha ili ampitishe uwanjani, akashika barabara ya mjini.

Furaha haikudumu. Walipokaribia sokoni, usukani ulianza kuvuta kushoto. Kila alipokanyaga breki, gari lilitaka kwenda kando lenyewe. Halafu ikaja harufu ya kitu kinachoungua.

"Hapana. Hapana, jamani!" Mansuri aliegesha, akashuka na kushika rimu ya gurudumu la kushoto. Aliuondoa mkono upesi kwa maumivu. "Linachoma kama bati la kuokea mikate! Nimeuziwa takataka!"

"Baba, labda..."

"Labda nini? Aliyeniuzia spea ni nani? Noorali! Na duka lake hili hapa!"

Mwaisha alimfuata mbio. Dukani, mzee Noorali alikuwa akimhudumia dereva wa teksi aitwaye Jonathan, aliyeshika boksi la pedi mkononi. Mwaisha alisema "shikamoo" kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyeisikia.

"Mzee Noorali, umenifanyia nini?" Mansuri alifoka. "Klipu zako feki! Gurudumu linaungua! Nimempakia mtoto wangu humo!"

Mzee Noorali alivua miwani polepole. "Bwana Mansuri, mimi feki sijawahi kuuza. Baba yako alinunua hapa kwa baba yangu."

"Basi umeanza leo!"

Jonathan alitazama boksi alilolishika. Alilirudisha kauntani, akatoka. Mama mmoja aliyekuwa mlangoni akamfuata.

Mzee Noorali aliwaangalia wakiondoka. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Lete hizo klipu, Bwana Mansuri. Nitazipokea zote. Kama ni mbaya, basi kosa langu." Alirudisha miwani usoni, akasogeza kando boksi aliloliacha Jonathan.

Mwaisha hakuweza kulitazama boksi lile. Aliona afadhali angepigwa. Alijua kwamba akinyamaza, hakuna atakayemuuliza, kwa kuwa kila mtu ameshapata wa kumlaumu. Aliingiza mkono mfukoni na kuiweka klipu iliyopinda juu ya kaunta.

"Si kosa la babu," alisema. "Ni mimi. Nilishindwa kumaliza kutu, nikaipinda hii kwa bisibisi. Nikarudishia ya zamani na kumdanganya mama mdogo."

Mansuri aliiokota klipu. Aliitazama, akamtazama binti yake, kisha mzee Noorali. Uso ulimwiva kwa aibu. Alitoka mbio barabarani akiita, "Jonathan! Jonathan, rudi! Nimemsingizia mzee wa watu! Rudi, ndugu yangu!"

Jonathan alirudi, akiwa haelewi acheke au afanyeje. Mbele yake Mansuri alimshika mzee Noorali mkono na kumwomba radhi. Mwaisha naye aliomba radhi, na safari hii sauti yake ilisikika.

"Nimekasirika," mzee Noorali alimwambia kwa ukweli. "Sana. Lakini umesema kabla hatujafungua gurudumu. Hilo nimeliona." Akachana pakiti nyingine. "Klipu haziuzwi mojamoja, mjukuu wangu, kwa hiyo umeniharibia pakiti pia. Chukua."

Chausiku alipigiwa simu, akaja na boksi lake la spana na uso uliokunjamana. Gurudumu lilipopoa alilifungua, akaona klipu ya kutu imebanwa chini ya pedi. Alivuta pumzi ndefu.

"Mwaisha! Ningeswali rakaa zangu, nikatoka, ukaniambia, 'Mama mdogo, imepinda.' Ningekugombeza kidogo, tukaenda kununua nyingine. Kwisha! Sasa ona."

"Nisamehe, mama mdogo. Nilitaka kuwahi mechi."

"Shika brashi."

Mwaisha alipiga magoti kando ya barabara na kusugua. Wapita njia walimtazama. Mechi ilikuwa imekwisha kuanza bila yeye, na hilo lilimuuma, lakini hakuinua kichwa. Kutu ilitoka punje kwa punje mpaka chuma kikang'aa. Klipu mpya iliingia kwa kidole tu, na pedi ikateleza bila kugongwa.

Chausiku alikaza nati, akakaa juu ya boksi lake. "Sikiliza, na wewe shemeji usikilize. Kuharibu kifaa ukiwa unajifunza si dhambi. Mimi nimeharibu vingi. Ubaya ni kuficha. Mimi umenidanganya kwa neno moja, lakini breki haidanganywi. Inangoja mteremko wa Mkuyuni, gari likiwa na watu ndani, ndipo inasema kweli. Na hasira ya haraka nayo, shemeji, inaumiza asiye na kosa."

"Nimesikia," Mansuri alijibu akiwa ameinamisha kichwa. "Haya, ingieni garini twende. Nimechoka na siku hii."

Mwaisha hakuingia. Alisimama akipindapinda brashi mikononi.

"Mama mdogo," alisema. "Ule mfereji wa chini upande wa kulia... Klipu niliweka mpya, kweli. Lakini nao nilisugua harakaharaka."

"Ya Rabi!" Mansuri alishika kichwa kwa mikono miwili.

Chausiku aliinuka, akaanza kukunja upya mikono ya ovaroli.

"Mwache, shemeji," alisema. "Fundi ni yule anayesema kabla hajaulizwa. Mwaisha, lete jeki."