Pini ya Safari ya Saba

"Karibuni tena! Mlipotea sana!"

Fundi aligeuka nyuma kumtafuta anayekaribishwa. Nyuma yake palikuwa na kamba nyekundu, na nyuma ya kamba foleni ndefu ya watu wanaojifuta jasho na kusukuma masanduku kwa magoti. Binti wa mapokezi ya meli alikuwa anamwangalia yeye.

"Sisi?"

"Nyinyi, mama. Piteni huku, nyinyi hamna foleni."

Mumewe ni mpima macho, mtu mpole ambaye huwapisha njia hata kuku. Siku hiyo alimshika mkewe mkono akamvuta ngazini kama mtu anayekimbia mvua.

"Amesema 'tena'," Fundi alisema.

"Wanamwambia kila mtu. Ndiyo biashara."

"Wale wa kwenye foleni hawakuambiwa."

"Fundi wangu, tumekuja fungate au tumekuja kuhesabu salamu?"

Akacheka, na Fundi naye akacheka. Ndoa ilikuwa bado mbichi. Mwanamke aliyekaa kwenye cherehani mpaka mtaa mzima ukaanza kumwita shangazi hataki kuonekana anaharibu fungate kwa ajili ya neno moja. Lakini neno lilikuwa limeshamwingia, na halikutoka.

Chumba kilikuwa juu, na kilikuwa na roshani inayotazama bahari. Fundi hakuwahi kulala mahali pazuri hivyo. Mhudumu wa chumba, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa anamalizia kunyoosha shuka.

"Ule mto mgumu nimeuweka upande wa mama," alisema. "Niliambiwa kuna tatizo la mgongo. Mgongo unaendeleaje?"

"Mgongo wangu?"

"Unaendelea vizuri," mume alidakia. "Asante sana, kaka. Asante."

Mhudumu akatoka. Fundi alibaki ameutazama mto. Maisha yake yote ya kuinamia nguo za watu hajawahi kuugua mgongo, na huwa anajisifia jambo hilo mpaka wateja wanamchoka.

"Nani aliwaambia naumwa mgongo?"

"Watakuwa wamechanganya vyumba," mume alisema, na akaingia bafuni na viatu vyake miguuni.

Fundi alitoka kwenye roshani, akamwandikia dada yake.

"Dada, watu wa meli wananijua."

"Wanakujuaje na wewe hata boti hujawahi kupanda?"

"Wanasema karibu tena. Wananiuliza mgongo."

"Mgongo wa nani?"

"Ndiyo hapo sasa."

"Huyo alishakuja hapo na mwanamke. Si alikwambia hajawahi kupanda meli?"

"Alisema sote wageni, tutapotea pamoja."

"Na marehemu mkewe?"

"Alisema alikuwa mtu wa nyumbani, safari hakuzipenda."

Ujumbe mwingine ukaingia.

"Mdogo wangu, kaburi umeliona?"

Fundi aliizima simu. Kaburi hakuliona. Alichokiona ni picha moja ya mama mwenye miwani, ukutani kwa mpima macho, na siku ya pili picha ikawa haipo. Alidhani ni heshima kwake, akashukuru.

Walijuana kwa sababu ya koti. Mpima macho aliingia kibandani kwake na koti jeusi zuri, akamwonyesha ukosi uliojaa matundu madogo, akauliza kama yanazibika. Fundi alimuuliza ni nondo? "Labda," alisema, na macho yake yakaenda barabarani. Fundi aliyaziba tundu moja moja, kwa uzi mwembamba, mpaka usingeweza kujua. Mteja akarudi kwa kifungo, akarudi kwa zipu ambayo haikuharibika, na mwisho akarudi bila nguo yoyote. Basi, wakapendana. Sasa alilivaa koti hilohilo kwenda kula.

Mezani walipangwa pamoja na mzee mmoja na mkewe. Mzee alikuwa na pini kifuani, upande wa kulia na upande wa kushoto, mpaka akigeuka zinagongana. Mabaharia wote walimwita Mzee wa Pini, naye aliitika kwa raha zake.

"Pini hizi wanakupa meli yenyewe," alimweleza Fundi. "Ukisafiri nao mara tatu, unapata ya shaba. Mara saba, ya fedha yenye jiwe la buluu. Ukifika kwenye dhahabu, wewe ni mtu."

"Na faida yake nini, baba?"

"Faida? Unaheshimika!"

"Faida yake ni kunitobolea mashati," mkewe alisema bila kuinua macho kwenye sahani. "Amewahi kuionyesha jikoni apewe nyama ya pili. Akaambiwa, mzee, kila mtu anaruhusiwa kurudia."

Meza ikacheka. Mzee hakutikisika. Alikuwa amemkazia macho mpima macho.

"Wewe bwana, sura yako naijua. Si tulicheza dhumna humu humu? Mkeo akatufunga wote, kicheko chake kikasikika mpaka..."

"Baba, kula," mkewe alimkata. "Samaki anapoa."

"Lakini ni yeye! Na huyu mama si..."

"Nimesema kula."

Uma wa mpima macho uligonga sahani. Yule bibi alimtazama Fundi mara moja, kwa huruma, na huruma ile ilimtisha kuliko maneno ya mzee.

Waliporudi chumbani aliuliza mara moja tu.

"Umewahi kupanda meli hii?"

"Yule mzee anafananisha watu, Fundi. Umri ule..."

"Nimekuuliza wewe. Sijakuuliza umri wake."

"Sijawahi," mume alisema.

Fundi alilala upande wake, akautupa mto mgumu chini. Usingizi haukumkaribia. Kumbe ameolewa na nani? Na kama mke yu hai, yeye ni nani humu ndani?

Kesho yake mchana abiria waliitwa ukumbini kwa sherehe ya pini. Mume alisema kichwa kinamuuma, wabaki chumbani. Fundi alikuwa ameshavaa viatu.

"Twende. Nataka kuona hizo pini zinazotoboa mashati."

Ofisa wa klabu ya wasafiri alisimama mbele na kipaza sauti. Waliitwa wa shaba, wakapigiwa makofi. Kisha akachukua kisanduku chenye pini mbili za jiwe la buluu.

"Sasa, wapenzi wetu wa safari ya saba! Bwana na bibi..."

Akataja jina la mpima macho. Kisha akataja jina la mke, na halikuwa la Fundi.

Makofi yakapigwa. Ofisa alikuja mpaka kwenye viti vyao, akainama, akachomeka pini kwenye ukosi wa koti jeusi. Fundi aliona sindano ikiingia palepale alipopaziba yeye. Hakuna aliyehitaji kumweleza zaidi. Matundu yale hayakuwa ya nondo.

"Na wewe, mama," ofisa alisema kwa tabasamu, akinyoosha pini ya pili kuelekea gauni lake.

"Nipe mkononi," Fundi alisema. "Gauni langu silitoboi."

Alitoka mpaka sitahani, upepo ukamkamata kilemba. Mume alimfuata mbio. Kabla hajafungua mdomo, simu ya Fundi ikaita.

"Umemuuliza?" Dada alifoka kutoka upande wa pili. "Niwekee sauti kubwa niongee naye mwenyewe!"

Fundi akaweka sauti kubwa.

"Shemeji!" Dada alisema. "Naomba unijibu kama mwanamume. Marehemu ni marehemu kweli?"

Mpima macho alifungua mdomo, pakatoka kitu kama kikohozi, kisha akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, ameshika chuma cha meli kwa mikono miwili, na abiria wawili waliokuwa wanapiga picha wakahama.

Dada akasema kwa sauti ndogo, "Basi, mdogo wangu, huyo amefiwa," akakata.

"Tulisafiri mara sita," mume alisema alipoweza. "Alipenda meli kuliko kitu chochote. Tuliweka akiba kwa safari, nyumba ikakaa bila dari. Ya sita alikuwa mgonjwa tayari. Ule mto uliandikwa wakati huo."

"Ukaniambia alikuwa mtu wa nyumbani."

"Kila nikitaja safari zake nalia, kama hivi. Niliogopa ukiniona hivi utaona hapa huna nafasi."

"Na jana? Nilikuuliza jana."

"Jana nilikuwa mjinga."

"Kwa nini meli hii? Bahari nzima hii, meli ni moja?"

Alijifuta uso kwa kiganja. "Kwa kazi yangu, chumba nilichoweza kukulipia ni cha chini, hakina hata dirisha. Lakini mtu wa safari ya saba anapandishwa juu bure, na foleni hakai. Nikasema, angalau apate roshani. Nilijaza jina lako kwenye tiketi, nikasahau kwamba kwenye klabu bado kuna jina lake. Haki ya Mungu nilisahau."

"Kwa hiyo nimepita foleni ya marehemu. Nimelala chumba cha marehemu, na mto wa marehemu. Nimepigiwa makofi kwa jina la marehemu." Akaugusa ukosi wa koti. "Na matundu yake ukaniletea niyazibe mimi!"

"Pini ya shaba alinichomeka yeye kila tukitoka. Alipofariki, kila nikilitoa koti kabatini nilishindwa kutoka nyumbani. Nilitaka niweze kutoka, Fundi. Nikatoka, nikakukuta wewe."

Fundi alifumbua kiganja. Pini ilikuwa imemwachia alama.

"Sikiliza. Kwetu mafundi pini haidumu kwenye nguo. Unashikizia kitambaa mpaka upitishe uzi, halafu unaichomoa. Mimi umenishona, au umenishikiza tu mahali palipochanika?"

Mume hakujibu haraka, na hilo peke yake lilimtuliza kidogo, maana majibu yake ya haraka ameshayajua yalivyo.

"Sijui nikujibuje ukaniamini," alisema mwishowe. "Niambie nifanye nini."

"Twende mapokezi."

Binti wa mapokezi aliwapokea kwa meno yote nje.

"Mwanangu," Fundi alisema, "hii pini ina faida gani hasa?"

Binti alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Nikuambie ukweli, mama? Pini yenyewe haifungui hata mlango wa choo. Faida zinatoka kwenye daraja lenu la klabu. Chumba cha juu, foleni, kufuliwa nguo. Hiyo ni pambo."

"Na daraja hilo ni la mume na mke?"

"Ndiyo, wanapanda pamoja."

"Basi huyo mke aliyemo humo si mimi. Yeye ametangulia mbele ya haki. Mimi niandikie upya, jina langu mwenyewe."

Tabasamu la binti likatoweka. "Pole sana, mama. Nimekuwa nikikukaribisha tena na tena... Lakini nikikuandikia upya, wewe unakuwa mgeni. Chumba cha juu hakitakuhusu."

"Kipo cha chini?"

"Kipo. Hakina dirisha."

"Nipe."

"Na mimi," mpima macho alisema. "Nifute niwe mgeni. Futa zote sita."

"Baba, mtambo haukubali. Safari iliyosafiriwa haifutiki."

"Usifute chochote!" Fundi alisema kwa ukali, mpaka binti akaondoa mikono mezani. Akamgeukia mumewe. "Sita ni zenu. Mlilala bila dari kwa ajili ya safari hizo, halafu leo ufute? Ukiweza kumfuta yeye, na mimi utanifuta. Hizo zibaki. Ila mimi, mwanangu, niandikie moja."

Mpima macho aliinamisha kichwa. Kisha akachukua masanduku yote mawili, akatangulia kushuka ngazi.

Chumba cha chini kilikuwa na kelele za mashine na kitanda cha kupanda kwa ngazi. Mume alijigonga kichwa kwenye dari alipoingia, akajigonga tena alipogeuka kusema pole. Fundi alijaribu kununa, lakini alipojigonga mara ya tatu kicheko kilimtoka chenyewe. Alipomaliza kucheka alikuta analia, na mume akakaa sakafuni miguuni pake mpaka akamaliza.

"Nieleze habari zake," Fundi alisema. "Anza na dhumna."

Akaeleza, na akalia, na Fundi hakuondoka.

Asubuhi alimwandikia dada yake.

"Tukirudi jiandae, tunakwenda kaburini."

"Mungu wangu! Nani kafa?"

"Marehemu. Nampelekea pini yake. Nawe njoo, maana najua hutapata raha mpaka ulione."

"Nitakuja na maua," Dada alijibu. "Mwambie shemeji anisamehe. Au usimwambie, nitamwambia mwenyewe."

Meli ilitia nanga bandari ya kwanza, watu wakashuka kutembea. Jioni, wakati wa kurudi, Fundi na mumewe walisimama nyuma ya kamba nyekundu, kwenye foleni, jua likiwapiga usoni. Mzee wa Pini alipita pembeni bila kusubiri, pini zikigongana kifuani, akawaona, akasimama.

"Nyinyi! Watu wa safari ya saba, mnafanya nini huko?"

"Tunangoja zamu yetu, baba," Fundi alisema.

Mkewe alimvuta mzee shati. "Twende, na pini zako. Wenzako wana kazi."

Walifika mbele. Binti wa mapokezi alisoma kadi mpya ya Fundi, ingawa hakuwa na haja ya kuisoma.

"Karibu, mama. Ni mara yako ya kwanza kusafiri nasi?"

"Ya kwanza."

"Na wewe, baba?"

Koti jeusi alikuwa amelikunja mkononi. Mpima macho alivuta pumzi, akajibu kwa sauti ambayo foleni yote iliisikia.

"Ya saba," alisema. "Ila na huyu, ya kwanza."