Pampu Ilibaki kwa Pamba

Waridi aliamriwa azime moto na mwanamume asiye na viatu, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Ilikuwa kiangazi, katikati ya miaka ya hamsini, na soko la Kasongo lilikuwa limefurika wauza mchele, wauza samaki wa mto Lualaba na mafundi wa baiskeli, wote wakisukumana chini ya vibanda vya nyasi. Waridi alikuwa amejifunga kitenge chekundu na kilemba cha manjano, akikaanga vitumbua kwa mafuta ya mawese. Mwanamume aliyesimama mbele yake alivaa shati la buluu, kaptula, na kofia ya shaba iliyong'aa. Vidole vya miguu yake vilijaa vumbi.

"Dada, zima ule moto. Chini ya nyasi haturuhusu mpaka mvua inyeshe."

"Haturuhusu, weye na nani?"

"Zimamoto. Miye niko kapita wao."

Waridi alimpima toka juu hadi chini. "Juu kuna shaba, chini kuna nyayo tupu. Moto ukikukuta kwa miguu, utaupiga na kichwa?"

Wauza mchele wakacheka. Kapita, msimamizi huyo wa zimamoto, naye akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomwokoa.

"Muzungu alinunua kofia tu," alisema. "Anasema miguu yetu imezoea."

"Na weye ukakubali."

"Nikatae, nikose na kofia?"

Yeye mwenyewe alibeba mafiga ya Waridi mpaka uwanjani, penye jua na pasipo na nyasi, kisha akala vitumbua vingi kuliko mtu mwenye adabu anavyopaswa kula. Jina lake lilikuwa Bulaimu. Jumamosi iliyofuata alirudi kuukagua moto huo, ingawa kila mtu sokoni aliona kwamba hakuutazama moto hata kidogo.

Kikosi chake kilikuwa cha kampuni ya pamba. Juu kabisa alikaa wakala wa kampuni, Mbelgiji ambaye watu walimwita Bwana Makelele kwa sababu hakujua kusema pole pole. Chini yake alikuwa kapita, na chini ya kapita kila mtu na mahali pake: wenye mikono minene kwenye mpini wa pampu, wengine kwenye mpira wa maji, wengine kwenye ndoo, na wengine kwenye ndoano, zile fito ndefu zenye chuma cha kuvutia nyasi za paa. Ukisikia kipande cha reli kinagongwa unakimbia mahali pako, na huondoki mpaka filimbi ilie. Ni utaratibu mzuri. Ubaya wake ni kwamba hata nyumba zilikuwa na mahali pake katika utaratibu huo: depo, yaani ghala la pamba, kwanza, ofisi, nyumba za wazungu, halafu, kama maji yamebaki, mtaa wa watu weusi. Maji hayakuwahi kubaki.

"Ukinioa, nitakuwa wa ngapi?" Waridi alimtania jioni moja walipokuwa wakitembea kuelekea msikitini.

"Wa kwanza, mpenzi."

"Mbele ya pamba?"

"Pamba haina macho kama yako."

"Jibu, Bulaimu, usinipake mafuta."

Bulaimu alimtuma mjomba wake kuposa. Mama Amisa, mamake Waridi, mjane mkali mwenye nyumba moja na binti mmoja, alikubali. Tangu siku ile Bulaimu akawa mkwe, na katika mtaa ule mkwe alijua mipaka yake. Hamtazami mama mkwe usoni, haketi naye, hamgusi, na chumbani kwake haingii hata kwa dawa. Akimwona njiani, anaingia majanini ampishe. Waridi alicheka kila alipomwona mchumba wake, kofia ya shaba na yote, amejificha nyuma ya mihogo akingoja mama apite.

Moto ulitokea mchana, upepo ukivuma. Ulianza jikoni kwa jirani wa Mama Amisa, na nyumba yake ikashika yote kabla watu hawajapata hata ndoo. Huko depo reli ikagongwa. Bulaimu aliutazama moshi akaona mambo mawili: upepo ulikuwa unaelekea mtaani, na depo ilikuwa upande mwingine kabisa, chini ya mabati, salama.

"Bwana, tupeleke pompi kule," alisema.

"Depo kwanza!" Bwana Makelele alifoka, akapuliza filimbi usoni pake. Watu wa pampu wakaanza kumwagia maji mabati ambayo hayakuwa hata na joto. Bulaimu aliruhusiwa kuondoka na watu wa ndoano peke yao, kana kwamba moto ungevuliwa kama samaki.

Nyumba ya jirani ilikuwa imekwisha. Iliyofuata ilikuwa ya Mama Amisa, nzima bado, na baada yake mapaa ya nyasi yaliyoshikana mpaka msikitini. Ukikosa maji, kuna njia moja tu: unaezua paa la nyumba iliyo mbele ya moto, moto ufike ukose cha kula. Bulaimu aliliangalia paa hilo, akaapiza, akaingia ndani kwanza kuona kama kuna mtu.

Waridi alifika mbio kutoka sokoni akakuta mamake ameketi kwenye mkeka chini ya mpapai, amejifunika kanga mpaka kichwani, na mchumba wake yuko juu ya ukuta akivuta nyasi za nyumba yao kwa ndoano.

"Bulaimu! Nyumba yetu haiungui!"

Bulaimu alizamisha ndoano. Alivuta tena, na nusu ya paa ikaanguka.

"Iko inaungua ya jirani! Huoni? Bulaimu!"

"Mumutoe pale!" Bulaimu aliwaambia watu wake bila kugeuka. Wawili wakamshika Waridi mikono, na akaona paa lote likishuka na kuburutwa mbali. Moto ulifika kwenye kuta tupu, ukarukaruka, ukafa. Mtaa mzima ukapona isipokuwa wao na jirani. Majirani wakamshukuru Bulaimu mbele ya macho ya Waridi, kisha wakaingia majumbani mwao kupika.

Waridi alingoja Bulaimu aje kusema neno. Siku zikapita, Bulaimu hakuja. Alikuja mjomba wake tu, akasema pole, akaondoka. Mama naye aligeuka bubu, kila akiulizwa habari ya siku ile anaukunja uso na kutazama ukuta. Walihamia kwa shangazi, wakilala kwenye chumba kilichojaa vibuyu. Hasira ya Waridi ilivimba mpaka ikamkosesha usingizi. Alikunja vitenge vya posa akavibeba hadi uwanjani sokoni, Bulaimu alikokuwa akikagua mioto ya wauza vitumbua wengine, akavitupa miguuni pake.

"Chukua vitu vyako."

"Waridi, mpenzi..."

"Usiniite ivo. Mapaa yote ya mtaa, weye ukachagua ya mama yangu."

"Upepo ndio ulichagua."

"Na pompi? Pompi ilichaguliwa na nani?"

Bulaimu alitazama kushoto na kulia. Kapita aliyesema vibaya juu ya amri za mzungu alijua mlango wa gereza uko wapi.

"Ilikuwa kwa depo," alisema kwa sauti ya chini.

"Depo iliungua?"

"Hapana."

"Ilishika hata moshi?"

"Hapana."

"Basi walimwagia nini maji?"

"Mabati." Sauti yake sasa ilipanda kwa hasira. "Niliomba, Waridi. Alinijibu na filimbi. Unafikiri miye siko na moyo? Kila usiku naona ile paa."

"Na juu ya nini haukukuja kutuambia? Mutu anavunja nyumba, anajificha kama mwizi!"

"Siwezi kusimama mbele ya mama yako."

"Sababu gani?"

Bulaimu alivua kofia, akaanza kuifuta vumbi.

"Sababu ya haya yangu," sauti ikatoka nyuma yao.

Mama Amisa alikuwa amemfuata binti yake. Bulaimu alipomwona aligeuka akimbilie nyuma ya vibanda.

"Simama pale," mama alisema. "Niangalie."

Wauza mchele wakageuka. Hakuna aliyewahi kuona mama mkwe akimwambia mkwe wake jambo kama hilo.

"Ile siku nilikuwa na homa, nimelala," alimwambia Waridi, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza samaki. "Sikuweza kuinuka. Huyu aliingia chumbani mwangu, akanibeba na mikono yake kama mutoto, akaniweka inje. Nilimwambia, usiseme kwa mutu. Naye hakusema. Ametukanwa na weye, akanyamaza. Nimechoka. Kama kuna haya, iende kwa ule aliyemwagia mabati maji na siye tuko munyumba."

Waridi alisimama hajui mikono yake aiweke wapi. Alimwonea Bulaimu huruma, akajionea aibu, na bado hasira haikutoka. Ilihama tu, ikaenda kukaa inakostahili.

"Okota vitenge," alisema polepole.

"Unavitaka?"

"Nina sharti. Moto ukitokea tena, weye na watu wako muvute ile pompi muilete kwetu mtaani. Filimbi ilie isilie."

"Watanifunga, mpenzi."

"Nitakuletea wali gerezani kila siku. Na kila siku nitamuuliza askari wa mulangoni kama depo imeungua."

Bulaimu alimtazama Waridi, kisha, kwa mara ya kwanza bila kujificha, akamtazama Mama Amisa. "Nimekubali," alisema, akainama kuokota vitenge.

Nikahi ilifungwa kabla ya mvua. Mama Amisa alikataa katakata kumwoza binti yake katika nyumba ya kuazima, kwa hiyo mikeka ilitandikwa ndani ya kuta zake mwenyewe, jua likiwawakia wote utosini, na kila aliyekaribishwa aliulizwa na bibi harusi: siku pampu ikija mtaani, utashika mpini?