Makopo ya Dirishani

Makopo yalikuwa yamegeuzwa. Fundi cherehani aliliona hilo asubuhi akichemsha chai: rehani na mnanaa iliyopandwa humo, iliyozoea kuinamia dirisha la jikoni, sasa ilimwinamia yeye.

Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akiigeuza ili ikue wima. Naye alikuwa na kanuni yake: rehani ikizeeka, shina likawa gumu kama kuni, usiihurumie. Kata chipukizi, litie kwenye maji litoe mizizi, kisha mama yake umtupe. Tangu azikwe hakuna aliyegusa makopo yale, lakini udongo ulikuwa umelowa.

"Wewe ndiye uliyemwagilia?" alimuuliza binti yake.

"Mimi? Nilidhani ni wewe, mama."

Mwingine angepiga kelele. Yeye moyo ulikuwa umekufa ganzi. Alichoona ni kwamba kazi moja imepungua. Mgeni njoo, mwenyeji apone, akajisemea, akarudi kwenye cherehani.

Baadaye akaanza kuamka uso umegeuziwa dirishani, shuka limelowa miguuni. Jikoni mkasi wa marehemu wa kukatia chipukizi ulilia, kach, kach, na hapakuwa na mtu. Binti akamwita mganga.

Mzee alinusa udongo, akarudi nyuma. "Huyu si mumeo, mama," alinong'ona. "Ni jini, limejifunza kazi yake. Yatupe makopo haya leo hii, la sivyo litawatunza nyinyi kama linavyotunza haya majani."

"Nitayatupa," alijibu, akabaki amekaa. Kutupa kulitaka kusimama, na kusimama kulitaka sababu.

Jioni alisikia maji yakimiminwa, akamwita binti asiitikiwe, akajikokota hadi jikoni, na humo, ndani ya harufu ya rehani iliyokaba koo, akamkuta mwanawe ameketishwa chini ya dirisha, ncha za nywele zimekatwa sawasawa, miguu yote miwili imo ndani ya beseni la maji.

"Mama," alinong'ona binti, "siwezi kuitoa."

Akapiga magoti, akatia mikono majini. Chini ya vidole vya mwanawe nyuzi nyeupe zilikuwa zimeanza kuota. Ganzi ikamtoka yote kwa mara moja; akaogopa kama mama anavyoogopa, akamkumbatia miguu, akavuta.

Nyuma yake mkasi ukalia mara moja tu, na mlango wa uani, kwenye pipa la taka, ukafunguka wenyewe.