Umeme Mdogo wa Kajetani

Baridi ya Juni hapa Mpitimbi haimwonei huruma kifaranga asiye na mama. Vifaranga wa Notburga walianguliwa kwa mashine, kwa hiyo aliwawekea hita ya betri za sola. Wakipoa anawasha, wakizidiwa na joto anazima. Kazi za shamba zikalala.

Mumewe, Kajetani, akaleta rilei, kidude kinachowasha na kuzima umeme chenyewe kikiamriwa na kipimajoto.

"Muulize kwanza Shakila," Notburga alisema. Shakila, jirani yao, ni fundi wa sola.

"Nimuulize nini? Imeandikwa volti 250. Betri zetu ni volti 24. Huu ni umeme mdogo, Mama Saimon."

Ukweli ni kwamba kumwuliza mwanamke kulimkwama kooni. Akaifunga mwenyewe.

Jumapili walikwenda misa. Waliporudi, banda lilikuwa la moto na hita bado inawaka. Vifaranga wote walikuwa wamekufa, midomo wazi. Notburga aliketi chini akalia kwa hasira.

Shakila alikuja akaipasua rilei.

"Tazama, shemeji. Vyuma hivi viwili hukutana kuwasha, huachana kuzima. Vimeyeyuka vikagandana. Kipimajoto kimeamuru, vyenyewe havikuachana."

"Na zile volti 250?"

"Za AC, umeme wa nguzo. Ule hugeuka-geuka, kila ukigeuka, cheche inayoruka vyuma vikiachana hufa. Wa betri ni DC, unasukuma upande mmoja tu. Cheche inadumu, inachoma vyuma. Soma hapa pembeni: DC, ampea 3. Hita yako inakula 8."

"Kwa hiyo tutafute ipi?" Notburga aliuliza.

"Iliyoandikwa DC, volti 30 au zaidi, maana betri zikijaa hupita 24. Ampea angalau 15, isifanye kazi kwa kubanwa. Koili yake, ile sumaku inayovuta vyuma, iwe ya volti 24. Na tuweke kikata joto cha pili, kizime hita joto likizidi, maana hata rilei nzuri hugoma."

Wakafanya hivyo. Vifaranga waliofuata waliota manyoya wote. Kajetani naye akaota mdomo. Kila mgeni alielezwa habari za DC na ampea.

"Rilei sasa naijua vizuri," alimwambia mkewe bandani.

Notburga aliendelea kumwaga pumba.

"Hongera, Baba Saimon. Nenda kawaambie wale tuliowafukia."