Ngeli ya Diski

Mhariri aligongana na Fundi mlangoni mwa jengo la maduka ya simu, mchana, saa ile watu wanapopishana kwa mabega. Mwanamke alikuwa amekumbatia kompyuta kuukuu, gauni lake la kijani limejaa vumbi la mashine. Mwanamume alishika chai, na nusu yake ikamwagikia shati.

"Pole, kaka. Unamjua fundi wa kompyuta hapa?"

"Ndiye uliyemmwagia chai."

Akamwingiza dukani kwake, akaichomeka mashine kwenye umeme na kutega sikio. Kra, kra, kra.

"Mgonjwa mahututi huyu. Leo umemwasha mara ngapi?"

"Tisa."

"Kila ukimwasha unazidi kumuua. Diski wake amechoka."

"Diski si mtu, Fundi. Sema imechoka."

"Amechoka, imechoka, mwache apumzike."

Hakumwacha. Ndani ya diski ile mlikuwa na kitabu chake cha sarufi, kazi ya miaka mitatu, na nakala nyingine hakuwa nayo. Fundi alimsihi waihamishie kazi kwenye diski mpya, lakini mashine ikiamka tu, Mhariri huyo, anaibeba akaendelee kuandika. Kwa miezi mitano aliirudisha mara sita. Fundi alikuwa na vidole vyepesi na kicheko cha taratibu, na kufikia mara ya tatu walikuwa wameshapendana hasa. Kwa ajili yake Fundi hata akajifunza kusema "diski imekwama", kama mtoto wa shule.

Mara ya sita waligombana.

"Mpenzi, unanichosha. Nikikwambia usiiwashe, ndiyo kwanza unaiwasha."

Mhariri aliiacha mashine mezani, akaondoka bila kuaga. Kesho yake ukaja ujumbe wa Fundi: *Huyu wa zamani amenichosha, siwezi kuendelea naye. Nimepata mpya.*

Aliusoma kwa jicho la kazi yake. Huyu. Wa. Naye. Ngeli ya watu, hakuna shaka. Akazima simu, akalia juu ya miswada ya wenyewe. Siku nne hakukiwaza hata kitabu, akaona na kiende nacho.

Siku ya tano Fundi alitokea ofisini kwa Mhariri, wenzake wote wakiwa mezani, kompyuta kifuani, jasho limemlowesha kola.

"Simu yako ina nini? Nimepiga mpaka kidole kimeota sugu."

"Mpigie huyo mpya."

"Mpya nani?"

Akamwonyesha ujumbe. Fundi aliusoma mara mbili, akaketi juu ya rundo la vitabu.

"Diski, mama. Diski. Siku tatu nzima nimembembeleza anipe faili moja moja. Kitabu chako kipo chote, haikupotea hata nukta."

"Mtu mzima, diski unaiandikia 'naye'?"

"Nilikuwa na hasira. Nikikasirika ngeli zinanitoka."

"Nimelia siku nne kwa sababu ya ngeli."

"Na mimi sili, silali, kwa sababu yako. Nimechoka kuachwa kwa makosa ya sarufi. Sasa nasema wazi, mbele ya hawa wote: nataka unioe."

Mhariri alishusha pumzi, ameudhika kwelikweli. Hata siku kama hii.

"Mwanamke haoi, anaolewa. Sema: nataka nikuoe."

"Nataka nikuoe."

"Sawa kabisa," alisema Mhariri, na ofisi nzima ikapiga vigelegele kabla yeye mwenyewe hajasikia alichokubali.