Mjusi wa Dorca na Daftari la Klabu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Dorca alimsaidia mama yake kuanika omena. Walitandaza nyavu kuukuu ufuoni mwa ziwa, huko Dunga, wakamwaga samaki hao wadogo, kisha wakawasambaza kwa viganja ili mmoja asimlalie mwenzake. Kufikia saa nane mchana omena walikuwa wamekauka kabisa. Dorca alilijua jua hilo tangu utotoni, na alilihofu.

Wiki hiyo mikono yake ilikuwa kwenye omena lakini akili ilikuwa chini ya kitanda. Huko alikuwepo mtoto wa mjusi wa mawe, wale ambao madume yao huwa na kichwa chekundu. Wanafunzi walichimbua mayai sita katika shamba la shule, na ni moja tu lililoanguliwa. Mwalimu Obiero, mlezi wa klabu ya sayansi, alimkabidhi Dorca mjusi huyo pamoja na daftari.

"Mjengee nyumba," alimwambia. "Andika kila siku amekula nini. Ukikwama, niulize. Ijumaa wazazi watakuja kumwona."

Dorca alijitahidi kweli. Alitafuta sanduku la nyanya, akamwaga mchanga ndani, akaweka kijiti cha kukwea na maji kwenye kifuniko cha chupa, halafu akalifunika kwa waya wa dirisha. Mwishowe akatandika kitambaa kilicholowa maji na kulisukuma sanduku chini ya kitanda. Kwake jambo lilikuwa wazi: kitu kidogo namna ile kikiwekwa juani kitakauka.

Jumatatu alimpa panzi. Mjusi hakula. Jumanne alimletea wale wadudu wa ziwani wanaotanda kama moshi. Hakufungua hata mdomo. Dorca hakutulia tena. Alichungulia, akafunika, akachungulia. Darasani aliulizwa saba mara nane, akajibu, "Panzi." Darasa zima likaangua kicheko.

Daftarini aliandika: Jumatatu, panzi wawili. Jumanne, panzi watatu. Aliona aibu kusema kazi imemshinda. Mwalimu alisoma, akatabasamu na kuandika "Vizuri sana" kwa wino mwekundu. Maneno hayo yalimchoma Dorca kuliko kiboko.

Jumatano alipokwenda nyumbani kula chakula cha mchana, alimkuta mjusi amegeuka mweusi, amelegea. Zeituni, jirani yake waliyekaa naye dawati moja, alikuwa amefuatana naye; aliinama kutazama.

"Yawa, Dorca! Huyu ni kufa anakufa."

"Usiseme hivyo!"

"Basi tushike mwingine. Hapo kwa mawe wamejaa. Nani atajua?"

Dorca alitoka nje, akarudi ndani, akatoka tena. Kwenye mawe palikuwa na mjusi mdogo wa kimo kilekile. Alimnyatia, akainua kiganja. Akawaza: nikimchukua huyu, yule wa chini ya kitanda atakufa na hakuna atakayemuulizia. Mkono ukashuka wenyewe. Alijitwika sanduku na kukimbia hadi shuleni.

"Mwalimu, nimekudanganya," alisema akihema. "Hajala kitu tangu Jumatatu. Wale panzi niliwaandika tu."

Mwalimu Obiero alimgusa mjusi. "Ni baridi. Ulimweka wapi?"

"Chini ya kitanda. Niliogopa jua litamkausha kama omena."

Mwalimu alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa. "Omena wa mama wameshakufa, Dorca. Huyu yuko hai, ila mwili wake hauwezi kujitengenezea joto. Bila jua hawezi hata kusaga chakula tumboni."

Walilitoa sanduku nje. Waliondoa kitambaa, wakaweka jiwe bapa upande mmoja, na upande wa pili wakaufunika kwa gunia ili mjusi apate pa kukimbilia joto likizidi. Dorca alilizunguka sanduku mpaka Mwalimu akamwambia akae chini. Baada ya muda mrefu, weusi ulianza kupungua. Mjusi akainua kichwa. Dorca akadondosha panzi mdogo.

Mjusi alimtazama panzi, kisha akamnyakua! Dorca alipiga kelele hadi watoto wa darasa la tatu wakachungulia madirishani.

Mwalimu Obiero alifungua daftari. "Usifute. Kata kwa mstari, uandike ukweli chini yake."

Dorca aliandika: Jumatatu, hakula. Jumanne, hakula. Jumatano, panzi mmoja. Mwalimu naye akachukua kalamu yake nyekundu na kuikata ile "Vizuri sana" aliyoiandika.

"Kutojua si kosa," alisema. "Ningekuelekeza kwa dakika tano. Lakini daftari liliniambia ameshiba, nikaamini, nikaenda zangu nyumbani, naye huku anakufa njaa. Ijumaa utalisoma mbele ya wazazi lilivyo, na mistari yake."

"Hata Mama atasikia?"

"Hata Mama. Na siku nyingine kitu kikikushinda, Dorca, sema kimekushinda, siku hiyohiyo."